Doa la Cucu Gathoni

Ukienda kupigwa skani ya kifua pale Thika nilipokuwa nikifanya kazi, utalala kwenye kile kitanda kinachoingia na kutoka, halafu utasikia sauti ya mwanamke ikikuambia, "Vuta pumzi. Shikilia. Usitikisike." Itanyamaza, na wewe hapo macho yamekutoka, kisha itasema, "Haya, pumua, mpenzi." Hiyo sauti ni yangu. Mimi nilistaafu, nikaagwa kwa keki na soda, nikapewa saa ya ukutani, nikaenda zangu Witeithie kufuga kuku. Sauti niliwaachia ndani ya mashine. Wakubwa walitaka hilo neno "mpenzi" litolewe, eti si la kikazi. Nikawaambia mtu amelala pale amevuliwa shati, ameambiwa ana kitu kwenye pafu, hata akiitwa mpenzi mara moja hatadhurika. Wakaliacha.

Sasa Shiro, ambaye nilimfundisha kazi na leo ndiye anayefundisha wengine, hanipi amani. "Sista, andikia hawa wa chuo kitu. Wanadhani kazi ni kubonyeza tu." Kwanza niwaambie, mimi si sista. Sijawahi kuwa nesi hata siku moja. Mimi ni radiografa, mtu wa picha, jina langu Wangeci. Lakini huku kwetu mwanamke akivaa koti jeupe ni sista, basi, nilichoka kubishana. Nimekubali kuandika, ila msinitafutie mpangilio. Nitaongea vile mambo yananijia.

Aliyenifunza mimi ni Mzee Musyoka, mwanaume mrefu wa Ukambani, mkali, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kulikaribia. Tulikuwa Ruiru wakati huo, kwenye eksirei ya kawaida, tukisafisha filamu gizani kwa dawa zinazonuka siki mpaka unafika nyumbani watoto wanakukimbia. Musyoka alikuwa na jambo moja alilonipigia kelele kila asubuhi: "Wangeci, mtu kwanza! Picha baadaye!" Mimi nikiwa kijana nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Siku moja akaja msichana analia kutoka getini mpaka kwetu. Alikuwa amepigwa picha mahali pengine, akaambiwa kuna doa juu ya pafu la kulia, arudie. Mimi nikachukua ile filamu, nikaiweka kwenye taa, nikakunja uso kama profesa. "Kweli kuna doa," nikasema. Musyoka hakuitazama filamu hata kidogo. Alimtazama yule msichana. Alikuwa amesukwa rasta ndefu, zimefungwa fundo moja kubwa, fundo limelala begani kwa raha zake. "Mami," akamwambia, "hebu zifunge hizo nywele juu ya kichwa." Tukapiga tena. Doa hakuna!

Yule msichana aliacha kulia, akaanza kukasirika. "Yaani nimemuaga boyfriend wangu kwa sababu ya nywele?" Musyoka akamwambia ampigie simu haraka kabla kijana hajapata mwingine. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyesema "kweli kuna doa", nikaacha kucheka.

Kwa hivyo nawaambia: kabla hujatafuta ugonjwa, tafuta nywele. Tafuta kifungo, plasta, mkufu, sidiria yenye chuma. Tafuta chuchu. Ndiyo, chuchu, msicheke! Kwenye eksirei, chuchu huweza kukaa juu ya pafu kama kiduara kidogo cha kutisha, na imeshawanyima watu wengi usingizi.

Siku hizi picha ziko kwenye kompyuta, mnazivuta kwa kidole. Zamani mtu alienda na filamu yake nyumbani, na alivyoitumia ilikuwa shauri yake. Mzee mmoja wa Gatuanyaga alikuja na doa la kweli, si la nywele. Daktari akamuuliza swali ambalo nataka mlipende kuliko mengine yote: "Una picha ya zamani?" Maana doa jipya ni habari moja, na doa ambalo limekaa mahali pamoja miaka na miaka bila kukua ni habari nyingine kabisa.

Mzee akafikiria, akasema, "Iko. Lakini inafanya kazi."

"Inafanya kazi gani?"

"Ndiyo dirisha la vifaranga."

Akaenda na boda boda akaileta. Ilikuwa na matundu ya misumari kwenye pembe zote, na mavi ya kuku pia. Tuliiosha kwa sabuni ya vyombo, tukaiweka kwenye taa, na lile doa lilikuwa pale pale, ukubwa ule ule, limetulia kama mtu aliyelipa nauli. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mzee naye hakuwa na muda wa kufurahi nasi. Alitaka kujua kama anaweza kurudishiwa dirisha lake mapema, vifaranga wasipigwe na baridi.

Halafu ikaja CT, ile skani ya kitanda niliyoanza nayo. Nikiwaeleza watu kwa nini wanatumwa kwetu wakati wameshapigwa eksirei, nilikuwa nawaambia hivi: eksirei ni kumulika mkate mzima kwa tochi. Unaona kivuli, lakini hujui kama ni zabibu ama ni jiwe. CT inaukata mkate silesi silesi, na kila silesi unaiangalia peke yake.

Sasa hizo silesi ziwe nyembamba, jamani. Doa dogo ukilikata kwa silesi nene, hewa ya pafu inachanganyika nalo, linatoka kama ukungu hata kama lenyewe ni gumu kama mfupa. Halafu kuna namba. Mashine inakipa kila kitu mwilini namba kulingana na uzito wake: maji ni sifuri, mafuta yako chini ya sifuri, mifupa iko juu huko. Doa likiwa na mafuta ndani, ama likiwa limejaa chokaa na kingo zake ni laini, mara nyingi ni mgeni asiye na ubaya, limekuja kukaa tu. Doa lenye miiba miiba pembeni, hilo hatucheki nalo. Na mengine hayasemi wazi. Mtu anaambiwa arudi baada ya muda tuone kama limekua. Lakini kusoma ni kazi ya daktari wa picha. Kazi yangu na yako ni kumpa picha isiyomdanganya.

Hapo ndipo namkumbuka Cucu Gathoni. Cucu ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu. Jina hilo nimelibadilisha. Yeye mwenyewe aliniruhusu nimsimulie, kwa sharti moja tu, nisitaje umri wake. Basi tuseme ni mtu mzima.

Alikuwa mjane wa Ngoliba, mkulima wa mbaazi na mwenye mbuzi wengi, na sauti yake ilikuwa inafika mahali kabla yake. Siku hiyo boda boda aliyopanda ilikwepa mbuzi barabarani, wakaanguka wote kwenye vumbi. Mbuzi alikuwa wake mwenyewe, alinihakikishia, na mpaka leo hajamsamehe. Akapelekwa kwenye zahanati, akapigwa eksirei ya mbavu. Mbavu nzima! Ila daktari wa pale akaona doa jeupe kwenye pafu la kushoto, akafanya vile inavyofaa, akamwandikia aje Thika kwa CT. Alimweleza vizuri kabisa kwamba madoa mengi ya aina hiyo huwa si kitu, lakini ni lazima yaangaliwe. Cucu alishika lile neno la doa akaenda nalo, hayo mengine akayaacha pale zahanati.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa kwa nini siku ya majibu ilikuwa ngumu.

Cucu ana kijana wake wa mwisho, Kariuki, fundi wa umeme huko Ruiru. Kariuki alimpenda Akinyi, msichana wa Siaya, wakapendana kweli, na badala ya kufuata utaratibu wakaenda kuandikishwa ofisini kimyakimya. Bila wazee, bila ruracio, yaani mahari kwa mila zetu, bila kumwambia mama. Na huyu mama alikuwa ameshashonesha nguo ya siku hiyo kabla kijana hajapata hata msichana! Alikuwa aongoze kina mama kuimba. Aliposikia mambo yamekwisha na yeye hakuitwa, alinyamaza mpaka Jumapili. Watu wakitoka kanisani, akasimama kwenye ngazi, akatangaza kila mtu akisikia: "Nyumba ya Kariuki sitaikanyaga mpaka nikaribie kufa!"

Na nyinyi mnawajua mama zetu. Neno likishasemwa mbele ya kina mama wa kanisa, hata ukilijutia kabla hujafika nyumbani, limesemwa. Miaka ikapita. Wajukuu wakazaliwa Ruiru, wakamjua cucu wao kwa simu tu. Kariuki alikuwa akienda Ngoliba anapokelewa vizuri, anapewa chai na ndizi, lakini akisema, "Mami, njoo na wewe utuone," anajibiwa, "Bado sijakaribia."

Basi siku ya doa, Cucu hakulia wala hakumwita mchungaji. Alimpigia Kariuki simu. "Nimekaribia," akasema. "Nakuja." Akashuka Ruiru na blanketi lake, kuku mmoja hai chini ya kwapa, na ile nguo aliyoishonesha, ili azikwe nayo.

Sisi nasi tukawaangusha, maana mashine yetu ilikuwa imekufa. Tulikuwa tunangojea kipuri, na kila tukiuliza tunaambiwa kiko njiani. Kariuki akataka kumpeleka Nairobi haraka. Cucu akakataa katakata. "Nimengojea miaka yote hii nikaribie," akamwambia, "sasa mnanikimbiza wapi?" Akakaa Ruiru. Akakaa wiki, akakaa nyingine. Mashine ilipopona, nikawapigia simu, wakaja wote.

Nilipomwona mara ya kwanza kwenye benchi letu, nilidhani amekuja kumsindikiza mgonjwa. Kofia ya kufuma, viatu vimepakwa kiwi, anauliza watu kwenye foleni wanatoka wapi na ni watoto wa nani. Kariuki ndiye aliyekuwa na sura ya mgonjwa. Akinyi alikuwa amebeba mkoba wa Cucu kifuani kama mtoto. Nilipokuwa nikijaza habari za mgonjwa, alinifuata kando.

"Sista, naweza kukuuliza kitu kibaya?"

"Uliza, mami."

"Nikiomba, naomba isiwe saratani. Naomba kabisa, kwa moyo wote. Halafu nikisema amina, naogopa." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kama si saratani, atarudi Ngoliba, na hatakuja tena. Alisema mbele ya kanisa. Na sasa watoto wanalala kwake, amewafundisha Kikuyu, ananiita mwanangu. Mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo, Sista. Juzi amekula samaki wangu na kichwa."

"Na kichwa?"

"Na macho!"

Mimi ni Mkikuyu wa kuzaliwa na kukulia Murang'a, na najua mwanamke wa umri ule kula samaki na macho ni mapenzi ya kweli. Nilimshika Akinyi mkono. Kazi yangu yote nilikuwa nimewaona watu wakiomba jibu liwe zuri, lakini sikuwa nimewahi kumwona mtu anayeomba hivyo huku jibu zuri lenyewe likimwogopesha. Nilienda kwenye mashine na moyo wangu umegawanyika.

Shiro alikuwa mpya siku hizo, mkono mwepesi, anapenda kumalizana na kazi. "Sista, si tumdunge kontrasti tu, iishe?" Kontrasti ni ile dawa tunayoingiza kwenye mshipa ili damu ing'ae kwenye picha.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Tunatafuta nini?"

"Doa."

"Doa tunalo tayari, limekuja na eksirei. Tunatafuta kama lina chokaa. Chokaa ni nyeupe. Ukishamwaga weupe kila mahali, utajuaje upi ni wa Cucu na upi ni wa sindano?"

Akafikiria. "Aaa. Sawa, nimekushika." Na Daktari Nafula, daktari wetu wa picha, mwanamke mtulivu sana, alikuwa ameandika vivyo hivyo kwenye maagizo ya asubuhi: bila dawa, silesi nyembamba. Ningewaomba msome maagizo kabla ya kushika sindano, lakini najua mnasoma simu.

Tukamlaza Cucu. Ile sauti yangu nilikuwa nimeirekodi mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, kwa ajili ya wazee. Shiro akachagua ya Kikuyu. Mimi nikabaki nyuma ya kioo, kitanda kikaanza kuingia, na mashine ikamwambia Cucu avute pumzi.

"Haiya! Ni nani huyo?" Cucu akauliza.

Mashine ikamwambia ashikilie.

"Nishikilie nini? Na uko wapi, mbona sikuoni?"

Picha ikatoka imetetemeka, kingo za doa zimevurugika kama maandishi yaliyomwagikiwa chai. Nikaingia ndani. "Cucu, hiyo ni mashine inaongea."

"Mashine ya ukoo gani hiyo inajua Kikuyu?"

"Ni mimi nilirekodi."

"Sasa kama ni wewe, mbona nikikuuliza hunijibu?"

Shiro alikuwa ameshainama nyuma ya kioo, namwona mabega tu yanaruka. Lakini lilikuwa kosa letu, si la Cucu. Mtu afanye mazoezi ya pumzi kabla hajaingia, ukiwa umesimama karibu naye anakuona, ili usimchome miale mara mbili bure. Na kila mtu aelezwe kwa jambo analolijua. Mwogeleaji mwambie anazama. Mama wa jikoni mwambie moshi. Nikainama karibu na sikio lake.

"Cucu, ukipita karibu na mbuzi dume, wakati ule amenuka kabisa, unafanyaje?"

Alifunga mdomo, akafunga macho, akajaza kifua, akawa jiwe.

"Hivyo hivyo! Ukisikia ile sauti inasema shikilia, mbuzi anapita."

Tukapiga tena. Jamani, picha ilitoka safi kuliko ya mwanariadha! Mashine ikasema pumua, mpenzi. Cucu kimya. Kitanda kikatoka, Cucu bado kimya, mashavu yamevimba. Nikakimbia ndani. "Cucu! Pumua!"

Akafungua jicho moja. "Ameenda?"

"Ameenda, Cucu, ameenda."

Nikarudi kwenye kompyuta. Doa lilikuwa pale, duara zuri, kingo laini, ukubwa wa punje ya njahi, yale maharage yetu meusi, lakini lenyewe jeupe pe. Shiro akaweka kipimo juu yake, na namba ikaruka mpaka kule kwa mifupa. Akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, kwa sababu Cucu alikuwa ameketi kitandani anatutazama kupitia kioo. Kumbukeni hili hata kama mtasahau mengine yote: mgonjwa hana picha yake, ana uso wako tu, na anausoma wote. Usicheke, usinune, usinong'one na mwenzako. Weka uso wa mtu anayengojea maji yachemke, na picha iende kwa daktari.

Daktari Nafula hakukimbilia doa. Alianza juu ya mapafu akashuka mpaka chini, la kulia, la kushoto, akaangalia tezi za katikati, mbavu, na sehemu ya ini iliyoonekana. Ukifurahia doa moja haraka, unaweza kupitwa na la pili. Mwisho akarudi kwenye lile la Cucu, akalitazama kwa silesi zote, akasema, "Waite."

Wakaja, tukakaa wote kwenye kile chumba chake kidogo. Akamuuliza Cucu kama aliwahi kuugua kifua zamani.

"Baba yangu alikuwa na TB. Mimi nilikuwa msichana, ndiye nilimpelekea chakula. Nilikohoa, halafu ikaisha."

"Basi ndiyo hiyo," daktari akasema, akamgeuzia kompyuta. "Wale vidudu walikuingia, mwili wako ukapigana nao, ukawashinda, ukawazungushia ukuta wa chokaa. Hili doa ni kovu, Cucu. Umetembea nalo tangu usichana wako. Si saratani. Halikui, haliumi, halihitaji dawa wala kisu. Usilifikirie tena."

Kariuki aliruka kutoka kwenye kiti akanikumbatia mimi, ambaye hata hanijui. Akinyi alipiga kigelegele kimoja kikubwa kikasikika mpaka mapokezi, halafu akajifunika mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nalia, nakubali. Furaha ya jibu zuri sikuwahi kuizoea mpaka siku ya kustaafu, na nawaombea nyinyi pia msiizoee.

Cucu peke yake alivuta kiti mbele. Alikuwa akitazama ile punje nyeupe kwenye kompyuta.

"Kwa hivyo," akasema polepole, "sijakaribia."

Kicheko cha Kariuki kikakatika. Akinyi akainamisha kichwa, akaanza kufungua na kufunga zipu ya ule mkoba. Cucu akamtazama ile mikono yake, zipu inaenda na kurudi. Alikuwa amepewa uhai wake wote, na ilikuwa kama amenyang'anywa nyumba. Mtu hawezi kutangaza kitu kwenye ngazi ya kanisa halafu akakivunja hivi hivi tu. Nilitamani kumwambia, Cucu, nani atakumbuka? Lakini Ngoliba nzima ingekumbuka.

Akakohoa kidogo, akakaa wima, akamgeukia daktari.

"Daktari, wewe umesoma. Sitaki unifiche kitu mbele ya watoto wangu. Mimi nitakufa ama sitakufa?"

"Cucu, nimekueleza, hili doa haliwezi—"

"Sijauliza doa. Nimeuliza mimi."

"Utakufa, Cucu. Sisi sote tutakufa, siku yetu ikifika."

"Na hiyo siku yangu. Jana ilikuwa mbali kuliko leo, ama?"

Daktari Nafula akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Ndiyo," akasema. "Jana ilikuwa mbali zaidi kidogo."

"Na kesho?"

"Kesho itakuwa karibu zaidi kidogo."

"Kwa hivyo nakaribia."

Daktari akauma mdomo ili asicheke. "Ndiyo, Cucu. Unakaribia."

Cucu akasimama, akanyoosha sketi, akavaa kofia yake vizuri. "Mmesikia wenyewe," akawaambia, sauti yake imerudi yote. "Daktari wa mashine amesema nakaribia. Kariuki, wapigie Ngoliba uwaambie. Akinyi, mwanangu, shika mkoba twende nyumbani. Samaki iko, ama tupitie sokoni?"

Akinyi alimkumbatia pale pale, na mkoba katikati yao, na wakakaa hivyo mpaka mgonjwa mwingine akachungulia mlangoni.

Ile nguo aliivaa hatimaye. Waliifanya ile ruracio, kwa kuchelewa, wakasafiri wote mpaka Siaya, na Cucu akaongoza kina mama kuimba mpaka sauti ikamkauka. Miaka imepita tangu hapo. Mbuzi wa Ngoliba wanachungwa na mjomba wa Kariuki, na Cucu Gathoni yuko Ruiru mpaka leo, anakufa polepole, na kila nikimtembelea namkuta amenenepa.